Usiing'oe hiyo injini: dizeli na magari ya klasiki

Swali la msomaji: Mtaalamu, nina Mercedes-Benz 240 D ya mwaka 1982. Bodi haijakatwa popote na injini ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Nilipojaribu kujiunga na wenzangu wenye magari ya kale, wakaniambia dizeli haina nafasi kwenye klasiki, ni gari la teksi, linapiga kelele na halina mbio. Mmoja amenishauri niweke injini ya petroli ya 230 E ili gari lipande hadhi. Je, ni kweli gari la dizeli haliwezi kuhesabiwa klasiki? Na mdogo wangu ana dizeli ya mwaka 2003, ile ya kompyuta. Nayo itakuja kuwa klasiki?

Jibu: Linaweza, na la kwako limeshafika siku nyingi. Injini usiiguse. Nimetanguliza jibu kwa sababu mtu akishashauriwa kung'oa injini, mara nyingi fundi naye ameshapatikana, na kazi hiyo ikianza ni vigumu kuirudisha nyuma.

Tuanze na masharti yaliyoandikwa, kwa kuwa hayo hayana ubishi mrefu. FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale lililoundwa mwaka 1966, linataka gari liwe na umri usiopungua miaka 30, liwe limetunzwa katika hali iliyo sahihi kihistoria, lisiwe chombo cha safari za kila siku, na kwa hayo liwe sehemu ya urithi wa kiufundi na kiutamaduni. Ujerumani tangu mwaka 1997 inatoa namba zenye herufi H kwa magari yaliyofikisha miaka 30 yakiwa katika hali nzuri ya asili, na dizeli zinazipata sawa na petroli. Uingereza inasubiri miaka 40 ndipo ikusamehe kodi ya barabara. Kote huko hakuna kifungu kinachouliza gari linatumia mafuta gani, na la kwako limeshavuka hata hiyo miaka 40.

Najua wenzako hawakuwa wakizungumzia vifungu. Wana picha yao kichwani: milango miwili, boneti ndefu, sauti tamu, mbio. Ni picha halali, na magari ya namna hiyo hata mimi nayapenda. Tatizo linaanza pale wanapoifanya kuwa mlango pekee wa kuingilia. Volkswagen Beetle, Citroën 2CV, Fiat 500, Mini ya kwanza, yote yalizaliwa kuwa magari nafuu ya watu wa kawaida. 2CV ilitoka mwaka 1948 ikiwa na nguvu za farasi 9 tu. Leo hakuna mkusanyaji wa maana anayethubutu kusema 2CV si klasiki, maana wote wanajua ilibadilisha namna watu wanavyosafiri. Anayeikubali 2CV kwa sababu hiyo, sioni ataikatalia vipi 240 D.

Hoja ya teksi inanigusa zaidi, kwa kuwa ndiyo inayotolewa kama tusi. Gari la kwanza la abiria la dizeli kutengenezwa kwa mfululizo na kushika soko lilikuwa teksi kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Ni Mercedes-Benz 260 D, iliyoonyeshwa Berlin mwezi Februari 1936, mwaka ambao Hanomag nayo ilionyesha dizeli yake hapo hapo. Injini ya lita 2.6, farasi 45, mwendo usiozidi kilomita 95 kwa saa. Madereva wa teksi waliipokea kwa sababu ilitumia kama lita 9 kwa kilomita 100, wakati gari la petroli la ukubwa huo lilikunywa kama lita 13. Kwa mtu anayekula kwa jasho la usukani, tofauti hiyo ilikuwa kila kitu. Hadi mwaka 1940 zilikuwa zimetengenezwa karibu 2,000, na zilizobaki leo ni chache mno, kwa sababu zilifanyishwa kazi mpaka mwisho. Jumba la makumbusho lenye moja haliifichi nyuma ya magari ya mbio.

Na kabla ya kufika hapo kulikuwa na safari ndefu. Rudolf Diesel alipewa hataza yake Ujerumani mwaka 1893, na injini yake ya kwanza iliyofanya kazi sawasawa ilipimwa Augsburg mwaka 1897. Wazo lake lilikuwa la ujasiri: hewa peke yake inagandamizwa ndani ya silinda mpaka inapata joto la kupita nyuzi 500, halafu mafuta yanaingizwa na kuwaka yenyewe bila cheche. Kwa miaka mingi injini hizo zilibaki viwandani na melini, kwa kuwa mafuta yalipulizwa ndani kwa nguvu ya kompresa, mtambo mzito usioweza kukaa kwenye gari dogo. Mambo mawili ndiyo yaliyofungua njia. La kwanza ni chemba ya awali, kile kijichumba kidogo kichwani mwa silinda ambamo moto unaanzia kwa upole kabla ya kushuka kwenye pistoni, aliyoipatia hataza Prosper L'Orange mwaka 1909 akiwa Benz. La pili ni pampu ya dizeli ya Bosch, iliyoanza kutengenezwa kwa wingi mwaka 1927.

Sasa nenda kafungue boneti yako. Kile chuma kirefu ubavuni mwa injini, chenye mirija minne myembamba ya chuma inayopanda kwenda kwenye nozo, vile vinyunyizio vya dizeli, ndiyo hiyo pampu, mjukuu wa moja kwa moja wa ile ya 1927. Chini ya kila nozo, ndani ya silinda hedi, kuna chemba ya awali ya L'Orange. Watengenezaji wamekwisha kuachana na chemba hizo kwenye magari ya dizeli. Kwa hiyo ulichonacho ni mfano ulio hai wa ufundi uliodumu kuanzia kabla ya vita ya kwanza ya dunia hadi miaka ya 1990, na unawaka kila ukizungusha ufunguo. Rafiki yako anayetaka uweke injini ya 230 E anakuomba utoe kitu hicho ubakize ganda.

Kuhusu mbio, nakubali bila kuzunguka. 240 D ya umri wa yako ina farasi 72, na inachukua zaidi ya sekunde 20 kufika kilomita 100 kwa saa. Ukipanda mlima ukiwa na abiria wanne utashuka gia, na walio nyuma watakupita. Lakini anayesema dizeli kwa jumla haina historia ya mbio hajaisoma historia hiyo. Mwaka 1931 gari la Cummins la dizeli lilimaliza mashindano ya maili 500 ya Indianapolis bila kusimama hata mara moja. Mwaka 1952 Fred Agabashian alilichukua gari jingine la Cummins, la dizeli yenye turbo, kile kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini, akashika nafasi ya kwanza ya kuanzia mbio katika uwanja huo huo kwa wastani wa kilomita 222 kwa saa, akiwaacha nyuma madereva wote wa petroli. Halikumaliza, kwa sababu uchafu wa barabarani uliziba mdomo wa turbo. Mwaka 1965 Peugeot waliichukua 404, wakaitengeneza kuwa ya kiti kimoja na kuitia injini ya dizeli, nayo ikavunja rekodi 40 katika uwanja wa Montlhéry. Mwaka 1976, kwenye njia ya mviringo ya Nardò nchini Italia, Mercedes-Benz walizungusha gari la majaribio la C111 kwa wastani wa zaidi ya kilomita 250 kwa saa na kukusanya rekodi 16. Injini iliyokuwa ndani yake ilikuwa ya silinda tano, lita 3, imefungwa turbo. Hiyo ni ndugu wa damu wa injini yako: ni ya familia ile ile, imeongezwa silinda moja. Waambie hayo wakikuuliza tena. Na mwaka 2006 Audi R10 ikashinda saa 24 za Le Mans, dizeli ya kwanza kufanya hivyo.

Dharau unayokutana nayo ina chimbuko lake pia, hasa kutoka Marekani. Kati ya 1978 na 1985 General Motors waliuza injini ya dizeli ya Oldsmobile, V8 ya lita 5.7, wakabakiza kwenye silinda hedi mpangilio wa bolti wa injini ya petroli, ilhali mgandamizo wa dizeli ni mkubwa zaidi kwa mbali. Bolti zilivutika, gasketi zikaachia, maji yakaingia kwenye silinda. Juu ya hayo hawakuweka kichujio cha kutenganisha maji na dizeli, kwa hiyo pampu nazo ziliharibika. Kizazi kizima cha wanunuzi kikaichukia dizeli kwa ajili ya injini moja iliyoharakishwa. Wakati huo huo, Ugiriki, dereva wa teksi Gregorios Sachinidis alikuwa akiiendesha 240 D ya mwaka 1976, mfano uliotangulia wa kwako, na alipoikabidhi kwa Mercedes-Benz mwaka 2004 ilikuwa imetembea kilomita milioni 4.6. Injini zilibadilishwa na kufufuliwa njiani, kama inavyotarajiwa, lakini gari ni lile lile, na liliwekwa makumbushoni. Tena kama teksi.

Narudi kwenye gari lako, maana mimi naona hoja kubwa kuliko rekodi zote iko kwenye namna linavyofanya kazi. Zungusha ufunguo hatua ya kwanza, taa ya rangi ya chungwa iwake, subiri izime ndipo upige stata. Hapo plagi za joto zinapasha chemba za awali, moja kwa kila silinda. Injini ikishawaka haihitaji umeme tena. Unaweza kutoa waya wa betri na itaendelea kunguruma, kwa sababu hakuna koili wala kompyuta, na pampu inaendeshwa na injini yenyewe. Hata kuizima ni kazi ya hewa: ukirudisha ufunguo, mfumo wa uvutaji hewa (vakyumu) unavuta kidude kwenye pampu kinachokata dizeli. Mpira wa mfumo huo ukipasuka, utatoa ufunguo mfukoni na injini itaendelea kucheka na wewe. Mara nyingi hitilafu haiko hata karibu na injini. Iko mlangoni, kwa kuwa loki za milango zinatumia uvutaji huo huo, na kipira kimoja kilichochoka ndani ya mlango wa nyuma kinatosha kuizuia injini isizimike. Watengenezaji walilijua hilo, ndiyo maana chini ya boneti kuna kikono kimeandikwa STOP cha kubonyeza kwa mkono. Gari linalokufundisha hivi linastahili kubaki kama lilivyo.

Sasa huo ushauri wa injini ya petroli. Angalia namba ya chasisi. Baada ya herufi za mwanzo utakuta 123.123, na hiyo ndiyo 240 D. Namba ya 230 E ni 123.223. Ukibadilisha injini, chasisi itaendelea kusema 240 D milele, na kila mkaguzi au mnunuzi makini ataliona gari lililotiwa viungo vya jingine. Kazi yenyewe haiishii kwenye injini: mfumo wa mafuta unabadilika, pampu ya uvutaji hewa inakosa mahali pake, wayaringi inabadilika, na taa ya plagi za joto inabaki dashibodi haina kazi. Mwisho wa yote una gari ambalo si 240 D na halitakuwa 230 E. Kama moyo wako unataka petroli, uza hili kwa mtu anayelitaka, ununue 230 E halisi. Ni gari zuri.

Nisionekane nasema kila dizeli kuukuu ni klasiki. Sisemi hivyo. Kuna magari mengi ambayo dizeli iliwekwa ili tu orodha ya bei iwe na mstari mmoja zaidi, injini dhaifu kwenye gari lisilo na sifa ya peke yake, na miaka 30 haitayaongezea chochote. Swali ninalouliza mimi ni hili: ukiliondolea gari hilo dizeli, je, unakuwa umepoteza kitu muhimu katika historia yake? Kwa 260 D jibu liko wazi. Kwa Mercedes-Benz 240 D 3.0 ya mwaka 1974 pia, kwa kuwa ndiyo iliyoleta silinda tano kwenye dizeli ya abiria. 300 SD ya mwaka 1978 ilileta turbo kwenye dizeli ya abiria ya kutengenezwa kwa mfululizo. Volkswagen Golf ya dizeli ya mwaka 1976 ilionyesha kwamba gari dogo na jepesi linaweza kuitumia, na Golf GTD ya mwaka 1982 ikaipa ladha ya mchezo. Toyota Land Cruiser BJ40 na Land Rover za dizeli siwezi kuziwazia na injini nyingine. Peugeot 504 inakuwa klasiki kwa mafuta yoyote, ila ya dizeli ndiyo iliyobeba watu wengi maisha yao yote. Na familia ya gari lako, iliyotengenezwa kuanzia 1976 na kufikia magari takribani milioni 2.7, ilijengewa jina na dizeli kuliko na petroli. 240 D peke yake zilipita 400,000.

Wingi huo usikudanganye ukafikiri ziko tele. Dizeli hufanyishwa kazi kuliko petroli, kwa hiyo iliyobaki nzima, yenye injini yake, ni adimu kuliko hesabu za kiwanda zinavyoonyesha.

Kabla hujatumia senti kwenye rangi au viti, pima mgandamizo wa silinda zote nne. Ikiwa mpya, injini hii inatoa bar 22 hadi 24 (bar ni kipimo cha shinikizo). Chini ya 15 imechoka, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 3. Kabla ya kipimo hicho rekebisha nafasi za vali, kwa sababu vali iliyobana huifanya injini nzima ionekane mbovu, na wengi wamefungua injini bure kwa ajili hiyo. Iwashe ikiwa baridi kabisa, asubuhi, kabla mtu mwingine hajaipasha. Ikiwaka kwa kutetemeka halafu ikatulia, shuku plagi moja ya joto. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, mweusi ni dizeli kuzidi au hewa kupungua, na mweupe usioisha injini ikishapata moto unataka uchunguzi wa haraka. Fungua mfuniko wa oili injini ikiwa inanguruma: mvuke kidogo ni kawaida, lakini ukisukumwa nje kwa nguvu ujue ringi zimekwisha. Kwenye bodi tazama sehemu za kuwekea jeki, chini ya betri, shimo la tairi la akiba na pembe za kioo cha mbele. Injini hizi hufufuka. Bodi iliyoliwa na kutu ndiyo huwa inaua gari. Mipira ya mafuta ya zamani nayo haielewani na dizeli yenye mchanganyiko mkubwa wa mafuta ya mimea, kwa hiyo ibadilishe yote kwa mipira ya kisasa. Na kama gari linalala muda mrefu, jaza tangi, kwa kuwa tangi tupu hukusanya unyevu, na kwenye maji yanayokaa chini ya dizeli huota vijidudu vinavyoziba filta.

Jambo moja wenzako wangeweza kulisema wakawa na haki, nalo ni moshi. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na injini yako haina chujio lolote la masizi. Hilo halifuti historia yake, lakini linaamua namna ya kuitumia. Usiipashe ikiwa imesimama ndani ya gereji iliyofungwa wala karibu na madirisha ya watu. Weka nozo katika hali nzuri, maana nozo inayodondosha badala ya kunyunyiza ndiyo inayotoa wingu jeusi. Na iendeshe kwa nafasi, kama sharti la FIVA linavyosema, usiigeuze kuwa gari la kwenda kazini.

Mwisho, gari la mdogo wako. Hukunitajia aina, kwa hiyo nasema kwa jumla. Dizeli za kizazi hicho zina hatua zao za kihistoria: Audi 100 TDI ya mwaka 1989 iliyoufanya upulizaji wa dizeli moja kwa moja ndani ya silinda, bila chemba ya awali, kuwa wa kawaida, Alfa Romeo 156 JTD ya mwaka 1997 iliyoleta reli ya pamoja, bomba moja linalogawia nozo zote mafuta yenye shinikizo la zaidi ya bar 1,300, Peugeot 607 ya mwaka 2000 iliyotoka kiwandani na chujio la masizi. Volkswagen Phaeton ya V10 nayo, kwa maoni yangu, itatafutwa sana. Kwa hiyo zitakuwepo klasiki kutoka kizazi hicho, ila kuzitunza kutakuwa kugumu kuliko ya kwako. Pampu yako hufunguliwa mezani na fundi mwenye vifaa vyake. Sensa na kompyuta iliyokufa haifunguliwi hivyo, inatafutwa nyingine na kuoanishwa na gari. Gari lake litafikisha miaka 30 mwaka 2033. Mwambie kuanzia sasa anunue kompyuta ya akiba ya injini, seti ya nozo na sensa ya mzunguko wa injini wakati bado vinapatikana, atunze kumbukumbu zote za huduma, na asikubali fundi yeyote azibe mfumo wa kurudisha moshi au kukata chujio la masizi kama gari lake linalo. Miaka hiyo ikifika, mkaguzi atataka kuviona vikiwa mahali pake.